Mkono wa Mfinyanzi na Kazi ya Chapa

Wahenga walisema, "Mfinyanzi hulia gaeni." Maana yake yajulikana na kila mtu: yeye awapaye wenzake vyungu vizima vya kupikia, mwenyewe hula katika kipande kilichovunjika. Methali hii ni ya kale, lakini siku hizi imezidi kuwa kweli. Sufuria za alumini na ndoo za plastiki zimeingia katika kila soko, na mtungi uliokuwa ukichukuliwa kichwani kutoka kisimani sasa huwekwa pembeni mwa nyumba, au hununuliwa na mgeni apitaye njiani. Twaona katika vijiji vingi kwamba bibi ajua kufinyanga, binti yake ajua kidogo, na mjukuu hajui kabisa. Bibi akifa, nakshi zake hufa pamoja naye, kwa kuwa hazikuandikwa mahali popote ila juu ya vyungu, na chungu hakidumu.

Katika somo hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kazi moja iliyo ndugu wa ufinyanzi, yaani kupiga chapa kwa mkono juu ya karatasi na juu ya nguo. Hatusemi kwamba mfinyanzi auache udongo wake. Twasema kwamba mkono uliozoea udongo umekwisha kujifunza zaidi ya nusu ya kazi ya chapa, na kwamba chapa yaweza kuzihifadhi nakshi ambazo chungu peke yake hakiwezi kuzihifadhi, tena yaweza kumpatia mwenye nakshi hizo fedha kidogo.

MFINYANZI AMEKWISHA KUWA MPIGA CHAPA

Chapa ni nini? Ni alama iachwayo na kitu kimoja juu ya kitu kingine kwa kugandamizwa, nayo yaweza kurudiwa mara nyingi bila kubadilika. Sasa na tuwaangalie wafinyanzi wa nchi za Maziwa Makuu. Mama wa Kijaluo amalizapo kuumba chungu chake hutwaa kamba fupi iliyosokotwa, akaiviringisha kwa kiganja juu ya udongo mbichi. Kamba ile huacha safu za vishimo vidogo, vyote sawasawa, kuzunguka chungu. Katika Uganda na Rwanda kazi ya namna hii yajulikana tangu zamani, na wengine badala ya kamba hutumia kijiti kilichochongwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta vigae vyenye alama hizo vilivyokaa ardhini yapata miaka 1000.

Watu wa nchi iitwayo leo Iraki walifanya jambo lililo karibu na hili zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Walichonga mihuri ya mawe, myembamba na ya mviringo kama kipande cha mwanzi, wakaiviringisha juu ya udongo mbichi uliofunika midomo ya mitungi na milango ya maghala, ili mwizi akifungua ajulikane.

Basi mfinyanzi ajua kukata nakshi, ajua kuirudia, na ajua nguvu ipasayo ya mkono. Mambo matatu tu yamebaki ayajifunze: kutia rangi mahali palipoinuka, kukata nakshi kinyume, na tabia za karatasi na nguo.

HERUFI ZA UDONGO KATIKA CHINA

Msomaji asidhani kwamba udongo na kitabu ni vitu vilivyo mbali. Katika China, kati ya mwaka 1041 na 1048, palikuwa na mtu jina lake Bi Sheng. (Neno "Bi" hapa ni jina la ukoo wake, kwa maana Wachina hutanguliza ukoo, yeye alikuwa mwanamume.) Hakuwa na cheo chochote. Habari zake twazipata kwa mtaalamu Shen Kuo, aliyeziandika katika kitabu chake karibu na mwaka 1088.

Zamani zile Wachina walikuwa wakipiga chapa vitabu kwa mbao. Ukurasa mzima ulichongwa katika ubao mmoja, na kitabu kikiisha, mbao zile hazikuwa na kazi nyingine. Bi Sheng alitwaa udongo laini unaonata, akachonga kila neno peke yake, mchongo wake ukiwa mwembamba kama ukingo wa sarafu, kisha akazichoma herufi zile motoni mpaka zikawa ngumu. Alitandaza juu ya bamba la chuma utomvu wa msonobari, nta na majivu ya karatasi, akaweka fremu ya chuma, akazipanga herufi ndani yake. Alilipasha bamba moto mpaka nta ikayeyuka kidogo, akazigandamiza herufi kwa ubao ulionyoka ili zote ziwe sawa kama uso wa jiwe la kunolea. Alikuwa na mabamba mawili: moja likipiga chapa, la pili lilikuwa likipangwa. Kazi ikiisha, alilipasha bamba moto tena, na herufi zikaanguka kwa kuguswa kwa mkono.

Shen Kuo aeleza pia kwa nini Bi Sheng hakutumia herufi za mti. Mti una nyuzi zisizo sawa, tena ukilowa huvimba, na herufi hupanda na kushuka. Zaidi ya hayo hushikamana na ule utomvu. Udongo uliochomwa haukuwa na matata hayo. Nakala mbili au tatu hazikustahili taabu yote hiyo, lakini zikitakiwa mamia au maelfu, kazi ilikwenda kwa haraka ya ajabu. Haya yote yalitendeka miaka 400 kabla ya Gutenberg kupiga chapa kwa herufi za madini katika mji wa Mainz, nchi ya Ujerumani. Herufi za kwanza zijulikanazo za kupangwa na kupanguliwa zilitoka katika udongo na moto, vitu vilevile alivyo navyo mfinyanzi wa kijiji chochote.

JINSI YA KUTENGENEZA MHURI WA UDONGO

Sasa twafika katika somo lenyewe. Twaa udongo mzuri wa kufinyangia, uuchuje kwa kitambaa au chekeche ili pasibaki changarawe. Ukipenda kuutia mchanga usipasuke, mchanga huo uwe laini kabisa, kwa kuwa punje moja kubwa ikitokea usoni mwa mhuri itaonekana katika kila chapa utakayoipiga. Fanya kipande bapa, unene wake kadiri ya inchi moja, upana wake usizidi inchi tatu kwa mara ya kwanza. Mgongoni mwake bandika kishikio cha udongo uleule.

Uache ukauke nusu, kiasi cha kuweza kukatwa kwa kisu bila kunata na bila kupasuka. Hapo kata nakshi yako kwa kisu kidogo, msumari au kipande cha mwanzi. Kumbuka ya kwamba palipoachwa juu ndipo patakapochukua rangi, na palipokatwa patabaki peupe. Kata kwenda chini unene wa punje ya mahindi, na kingo za mistari ziwe na mteremko, pana chini na nyembamba juu, maana mstari uliosimama wima kama ukuta humeguka upesi.

Udongo hunywea ukikauka, na hunywea tena ukichomwa. Udongo mwingi hupungua kadiri ya sehemu moja katika kumi, na mwingine zaidi. Kwa hiyo yafaa kwanza kupima: fanya kijiti cha udongo, chora juu yake mstari wa inchi 10, kichome, kisha upime mstari ule tena. Ukiwa umebaki inchi 9, wajua kwamba kila nakshi lazima uikate kubwa kwa kiasi hicho.

Mhuri ukauke polepole kivulini, ukigeuzwa mara kwa mara, la sivyo utapinda. Uuchome pamoja na vyungu vyako kwa desturi yako. Ukitoka motoni, usugue uso wake juu ya jiwe lililonyoka lenye maji na mchanga laini, mpaka mahali pote palipoinuka pawe sawa. Kazi hii ya kusugua isipuuzwe. Mhuri uliopinda hupiga chapa pembeni na kuacha kati pakiwa patupu.

Jambo la kinyume huwapotosha wanafunzi wengi. Mhuri ni kama kioo: mkono wa kuume huwa wa kushoto. Katika nakshi nyingi haidhuru, lakini katika maandishi ni lazima kuangalia. Mwalimu aweza kuanza na neno MAMA. Herufi M na A hazibadiliki zikitazamwa katika kioo, ila mpango wao hugeuka, kwa hiyo juu ya udongo yapasa kukata AMAM. Mwanafunzi akiisha kufahamu hayo, na apewe neno lenye herufi kama B au S, ambazo zenyewe hugeuka. Njia nyepesi ni hii: andika neno kwa makaa juu ya karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya udongo wenye unyevu, sugua mgongo wake, na neno litaonekana kinyume, tayari kwa kukatwa.

KUPIGA CHAPA JUU YA KARATASI

Wino mweusi wa kale ni masizi na gundi, na hata leo wafaa. Kusanya masizi ya taa, si yale ya sufuria yenye mafuta na majivu. Loweka gundi ya mgunga katika maji mpaka iwe nzito kama asali nyepesi. Saga masizi pamoja na gundi juu ya jiwe kwa muda mrefu, kwa kuwa masizi hayapendi maji na bila kusagwa huelea juu. Ongeza uji mwepesi wa mchele uliochujwa, ili wino ushike vizuri na usitiririke.

Udongo uliochomwa kwa moto wa kuni hunywa maji, kama mtungi unavyotoa jasho. Kwa hiyo loweka mhuri katika maji kwanza, kisha uupanguse. Usipofanya hivi utakunywea wino wote. Usiutumbukize mhuri katika wino. Fanya kifundo cha kitambaa kilichojazwa pamba, kichovye kidogo, na uupige uso wa mhuri kwa kuugusagusa mpaka rangi ienee. Wino mwingi hujaza mashimo, na nakshi huwa doa.

Mhuri mdogo hugandamizwa juu ya karatasi iliyolazwa juu ya kitambaa laini. Lakini kigae kikubwa chenye nakshi kifanyiwe namna nyingine: kilaze uso juu, ukitie wino, tandaza karatasi yenye unyevu kidogo juu yake, na usugue mgongo wa karatasi kwa kitu laini. Wajapani hutumia chombo cha mviringo kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Mfinyanzi ana chombo chake tayari: lile jiwe dogo la mtoni analolitumia kung'arishia vyungu. Akisugua karatasi kwa jiwe lile, kwa nguvu ileile na kwa saburi ileile, atapata chapa safi.

KUPIGA CHAPA JUU YA NGUO

Nguo ni kazi ngumu zaidi, kwa maana nguo hufuliwa, na wino wa masizi hauna nguvu ya kukaa katika nyuzi kama rangi ya dawa. Watu wa Asante katika Ghana wana nguo iitwayo adinkra, ambayo hupigwa chapa kwa vipande vya kibuyu vilivyochongwa. Rangi yake nyeusi hupatikana kwa kuchemsha magome ya mti mpaka maji yawe mazito. Nguo moja ya namna hiyo iliyopatikana mwaka 1817 ingali yahifadhiwa London katika nyumba ya makumbusho iitwayo British Museum. Huko Bara Hindi wapiga chapa hutumia vibao vya mti, na weusi wao hutokana na chuma. Njia hii ya chuma yaweza kufanywa na mtu yeyote, nayo twaieleza hapa.

Kwanza, weka misumari ya zamani na vipande vya chuma chenye kutu ndani ya chungu, tia maji na sukari guru, funika bila kukaza ili hewa itoke, uache kwa majuma mawili au matatu. Maji yatageuka kuwa meusi na makali. Yachuje, uyapike pamoja na unga wa kokwa za ukwaju mpaka yawe mazito kama uji.

Pili, twaa nguo ya pamba, bafta au merikani, uifue na kuichemsha mpaka wanga wote wa dukani utoke. Ponda magome ya miwati au maganda ya komamanga, uyachemshe muda wa saa moja, uyachuje, uloweke nguo humo usiku kucha, kisha uianike ikauke. Nguo itakuwa na rangi ya hudhurungi hafifu.

Tatu, tandika blanketi juu ya meza, mikunjo miwili au mitatu, na nguo juu yake imevutwa vizuri. Weka uji wa chuma juu ya kitambaa cha sufu kilichokunjwa ndani ya sahani, gandamiza mhuri juu ya kitambaa hicho, kisha juu ya nguo, na uupige mgongoni mara moja kwa kisigino cha mkono. Mahali chuma kilipokutana na dawa ya magome patageuka kuwa peusi mbele ya macho yako. Acha nguo ikauke siku nzima, kisha uifue kwa maji mengi.

Sababu yake ni kwamba ile dawa iliyo katika magome hushika chuma, na viwili hivyo vikiungana hufanya kitu cheusi kisichoyeyuka katika maji, nacho hunaswa ndani ya nyuzi. Lakini angalieni sana: chuma kikizidi, nguo huoza pale palipopigwa chapa baada ya miaka, na nakshi hubaki matundu. Jaribuni kwanza juu ya kipande kidogo. Tena mhuri uliotumika kwa chuma usitumike kwa rangi nyingine, kwa maana udongo umekwisha kuinywa. Na maji haya ya chuma yawekwe mbali na watoto.

NAKSHI NI ZA NANI?

Tumeeleza njia, sasa tuseme neno juu ya nakshi zenyewe. Katika Japani alikuwako mfinyanzi mkuu, Tomimoto Kenkichi, aliyezaliwa mwaka 1886 na kufa mwaka 1963. Yeye alipiga chapa kwa mbao pamoja na kufinyanga. Rafiki yake, Mwingereza Bernard Leach, alikwenda Japani mwaka 1909 akikusudia kufundisha kazi ya chapa za mabamba ya shaba. Mwaka 1911 alipaka rangi chombo cha udongo, akakiona kikichomwa, akavutwa na kazi hiyo hata akawa mfinyanzi maisha yake yote. Tomimoto alijiwekea sheria moja: asifanye nakshi kwa kuiga nakshi nyingine. Alitazama jani, nyumba au njia ya kijijini mwake, akafanya nakshi kutokana na vitu hivyo.

Sheria hii yafaa kwa vijana wetu. Mzee aliyezirithi nakshi kwa mama yake ana haki ya kuzitumia na kuzirudia, maana ni mali ya nyumba yake. Lakini kijana azichukuaye nakshi za jirani, akazipiga juu ya nguo na kuziuza sokoni bila ruhusa, amemwibia mtu asiye na kufuli. Mfinyanzi aliyekula gaeni kwa sababu ya sufuria asije akala gaeni mara ya pili kwa sababu ya chapa. Anayetaka nakshi ya bibi fulani na aende kwake, aombe kwa adabu, na wapatane fungu lake katika kila nguo itakayouzwa.

NENO KWA WALIMU NA WAZEE

Twawashauri walimu wafanye jambo moja dogo. Katika kila shule iliyo karibu na wafinyanzi, na liwepo daftari la nakshi. Watoto wawaendee bibi zao, waombe kila bibi akate nakshi zake juu ya vipande vya udongo, wavichome, na kupiga chapa ya kila kimoja katika daftari. Chini yake waandike jina la bibi, kijiji chake, jina la nakshi, maana yake ikiwa inayo, na mwaka. Kazi hii haihitaji mashine wala fedha nyingi. Yahitaji udongo, moto, masizi, gundi na karatasi. Mihuri yenyewe irudishwe kwa bibi, kwa kuwa ni yake.

Na ninyi wazee mnaosikilizwa vijijini, mkiona binti aliyeketi karibu na bibi yake akijifunza kufinyanga, msimwambie kwamba hiyo ni kazi ya zamani isiyo na faida. Nguo iliyopigwa chapa haitamfanya awe tajiri, wala hatuwaahidi hivyo. Lakini yaweza kumpa sababu ya kuketi pale mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka mmoja bibi aweza kumfundisha mengi.

Udongo uwahi ungali maji. Bibi wengi wajuao nakshi hizi ni wazee sana. Daftari laweza kuanzwa juma hili.